PEDI ZENYE RANGI YA KUCHA

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Kissa amechuchumaa kando ya tairi la mbele la kushoto, juu ya paa la jengo la maduka ya jumla pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, mahali matajiri wa kago, wasafirishaji wa mizigo ya kwenda nyumbani, wanapoegesha magari yao. Gari lilikuwa la Erastus. Mkononi alishika pedi kuukuu ya breki aliyoichomoa dakika hiyo hiyo, na kwenye sikio la bati lake palikuwa na doa la rangi ya kucha, zambarau, limeungua pembezoni.

Akalikwangua kwa ukucha wake. Chini ya rangi palikuwa na herufi K iliyochorwa kwa msumari.

K ile, msomaji, ni ya Kissa. Aliyeichora ni Samwel, mumewe, ambaye huu ni mwaka wa pili yuko kaburini Iringa.

Kwa waliochelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Samwel na Kissa walikuwa mafundi wenye gereji yao Ipogolo, na Samwel alikuwa pia dereva wa mashindano. Gari lake alilifunga kalipa za mbio, vile vyuma vikubwa vyekundu vya pistoni nne vinavyoibana diski, ambavyo pedi zake hazipatikani kila duka. Akasafiri mwenyewe hadi Guangzhou, akanunua pedi orijino kwenye maduka ya spea ya Yongfu, kisha akafanya wanachofanya wafanyabiashara wote waliowahi kubadilishiwa mzigo. Akazitia alama kabla hazijaingia kwenye kago. Msumari kwanza, halafu rangi ya kucha aliyoichukua bila ruhusa kwenye mkoba wa mkewe. Boksi akalipaka, na kila pedi akaipaka.

Mzigo ulipofika Iringa, boksi lilikuwa na zambarau yake. Aliyezifunga pedi kwenye gari ni Kissa. Mashindano yalikuwa kesho yake, wateja wamejaa mlangoni, akaiona rangi kwenye boksi akatosheka. Pedi zenyewe hakuzigeuza. Kwenye mteremko wa Kitonga bitana, ile nyama ya pedi inayosugua diski, ikabanduka kwenye bati, gari likakosa breki, na Samwel akaenda na korongo.

Hilo la kutozigeuza hajamwambia mtu mpaka leo.

Msibani, shemeji yake Thadeo, mdogo wa Samwel anayefanya kazi Guangzhou, alimvuta pembeni akamwambia kwamba pedi zilibadilishwa ndani ya stoo ya kago. Mwenye stoo ni Erastus. Thadeo alilia kweli kweli siku ile. Alisema muuaji wa kaka yake ndiye tajiri wake, na yeye anakula kwa muuaji kwa kuwa hana pa kwenda. Kissa akaapa mbele ya jeneza kwamba atalipiza. Akafunga safari kwa kisingizio cha kununulia gereji spea, akafikia kwa Thadeo, akakaa miezi miwili akisubiri siku breki za Erastus zianze kulia.

Zimelia, naye yuko hapa na spana mkononi.

Ndani ya mfuko wake wa vifaa mlikuwa na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa la pedi mpya orijino, alizonunua Erastus mwenyewe. La pili halikuwa na maandishi. Hilo alipewa na Thadeo Alhamisi, limeviringishwa kwenye fulana, na ndani yake mlikuwa na pedi za fungu lile lile lililomuua Samwel. Thadeo alisema ameziokota kwenye kona ya stoo ya Erastus. Saa tisa Erastus atapanda na mkewe Joyness waende Conghua, kule kwenye milima na maji ya moto, na barabara ya kule ina miteremko mirefu.

Mpaka asubuhi ile Kissa alikuwa na kasauti kadogo moyoni: je, kama si yeye? Sasa kalinyamaza. Mwizi hakuificha mali ya marehemu, ameitumia miaka miwili kwenye gari lake, tena la kwendea ibada. Chuki ilimpanda Kissa mpaka akatulia, na akitulia hivyo mkono wake haukosei.

Akaiegemeza pedi kuukuu kwenye pistoni, akazirudisha nyuma taratibu kwa bisibisi nene. Akafungua boksi lisilo na maandishi. Akaingiza pedi ya ndani, akaingiza ya nje, akagonga pini mbili, akabana springi yake. Gurudumu la kushoto lilikuwa tayari kuua.

"Umefika wapi, shemeji?"

Ni Thadeo, amepanda na chupa mbili za chai baridi. Wakiwa wawili humwita shemeji. Mbele ya Erastus humwita dada, maana alimtambulisha kama ndugu wa ukoo aliyekuja kununua mzigo, na Erastus hajui kabisa kwamba fundi huyu ana kaburi Iringa.

Kissa akamwambia kushoto kumekwisha. Thadeo akatazama huku na huku, kisha macho yake yakaangukia gazeti la Kichina lililotandikwa sakafuni, juu yake pedi mbili kuukuu zimelazwa kifudifudi.

Akasema azichukue akazitupe kwenye pipa la chini.

Kissa akakataa. Si kwa kushuku, la, ni kwa mazoea ya kazi. Kwetu fundi hatupi spea ya mteja. Mteja hukabidhiwa chuma chake cha zamani mkononi, akipime, akigeuze, ndipo aamini kwamba kweli amefungiwa kipya. Fundi asiyerudisha vya zamani huitwa mwizi hata kama ni padri. Miaka kumi na mbili gerejini Kissa hajawahi kuivunja desturi hiyo, na hakuona sababu ya kuivunja kwa mtu anayekwenda kufa.

"Hizo ni taka tu, shemeji. Nipe."

"Za mteja. Atapewa mwenyewe."

Thadeo akainama kuzichukua. Kissa akaweka mguu wake juu ya gazeti. Wakatazamana kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu afike Guangzhou, Kissa akaona kitu kwenye uso wa shemeji yake ambacho hakukipenda. Kabla hajakitafakari, simu ya Thadeo ikaita. Joyness alikuwa chini getini anataka kusaidiwa mabegi. Thadeo akashuka huku akigeuka nyuma mara mbili.

Alipotoweka tu, Erastus naye akatokea kwenye mlango wa lifti.

Huyu Erastus mmemsikia sana kwenye sehemu zilizopita lakini hamjamwona vizuri. Ni mtu wa Bukoba, mfupi, sauti yake hufika kabla yake. Wachina wa stoo humwita laoban, tajiri, na Watanzania nao wamemwita hivyo hivyo mpaka jina limegeuka cheo. Gari lake analipenda kupita kiasi. Gereji za Wachina hazitaki, anasema hawezi kugombana na fundi kwa kutumia simu ya kutafsiri.

Alifika, akalizunguka gari, akanyoosha mkono.

"Fundi, vya zamani viko wapi? Nipe mkononi."

Kissa akampa. Erastus akazipima uzito, akazigeuza, akacheka kidogo aliposoma herufi iliyokwanguliwa.

Kissa alitaka amsikie akidanganya. Alitaka uwongo wake wa mwisho, aende nao. Akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, pedi nzuri kama hizi alizipata wapi.

"Si kwa huyu huyu ndugu yako?" Erastus akasema. "Alinipa Thadeo."

Spana ilikuwa mkononi mwa Kissa, akaibana.

Erastus, mtu wa maneno mengi, akaendelea bila kuombwa. Alisema miaka miwili iliyopita Thadeo alikuwa anazurura Sanyuanli akipakiza mizigo ya watu kwa siku, hana meza wala ufunguo wa ofisi ya mtu. Mwezi Machi, kabla ya Pasaka, akaja na zawadi. Pedi za kalipa za mbio, orijino, seti kamili. Alisema kaka yake aliziagiza kisha akaghairi mashindano, zimebaki, na amekumbuka kwamba laoban ana gari la kalipa kama hizo. Magari yalikuwa tofauti, lakini kalipa za aina ile pedi zake ni umbo moja. Erastus alifurahi mno, wiki ile ile akampa kiti ofisini.

"Masikini, kaka mwenyewe akafa ajalini mwezi wa tano," akasema. "Nilimpa Thadeo ruhusa akazike, na waumini wa huku tukamchangia. Ulimfahamu huyo kaka?"

Kissa akajibu kwamba alimfahamu.

"Lakini ukae ukijua, ndugu yako hatadumu kwangu. Nimekuta mizigo ya wateja imechezewa, na mwenye ufunguo wa stoo ni yeye. Jumatatu nikirudi kutoka Conghua, namtoa. Nimemwambia tangu Jumatano ajiandae." Erastus akafunga pedi kwenye gazeti. "Maliza upande wa pili, fundi. Mke wangu ameshachoka kusubiri."

Akasogea ukutani kumpigia Joyness simu.

Kissa akabaki amepiga goti. Machi. Samwel alifariki Mei. Pedi orijino zilikuwa zimeshafungwa kwenye gari la Erastus wakati boksi la zambarau bado liko njiani kwenda Iringa. Aliyelifunga boksi lile ni Thadeo, Samwel alimwachia kwa kuwa ni ndugu, tumbo moja. Mdogo mtu alitoa pedi za kaka yake akajinunulia kiti, akajaza boksi feki, akaja msibani kulia.

Na sasa kiti kile kinaponyoka, ndiyo maana juzi ameleta boksi lisilo na maandishi. Erastus akifa leo, Jumatatu hakuna wa kumtoa mtu. Na mkono uliofunga breki ni wa mwanamke mgeni, mfiwa mwenye kisasi chake, kila mtu ataamini. Kissa alisafiri maili zote zile kulipiza kisasi, kumbe alikuwa ametumwa kuua.

Akatazama gurudumu la kushoto. Dakika kumi tu zilikuwa zimebaki kabla Joyness, mwanamke ambaye Kissa hamjui hata kwa sura, hajapanda gari lile.

Alifanya haraka lakini hakupapatika. Akagonga pini, akazichomoa pedi feki, akazirudisha kwenye boksi lake. Akafungua boksi la orijino, akafunga kushoto, akahamia kulia, akachomoa, akasukuma, akafunga. Akarudisha matairi yote mawili, akakaza nati kwa spana ya msalaba, akashusha jeki. Boksi la feki akalitia ndani ya ovaroli yake, kifuani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ufundi unapogeuka silaha. Ukibadili pedi unazisukuma pistoni zirudi nyuma ndani ya kalipa. Mpaka ukanyage pedali mara nne tano gari likiwa limesimama, zisogee mbele zikaguse pedi, mguu wako utazama mpaka sakafuni na gari halitakusikia. Kila fundi hukanyaga kabla ya kumpa mteja ufunguo. Ni jambo la kwanza kufundishwa na la mwisho kusahauliwa.

Kissa hakukanyaga.

Thadeo alipopanda tena, alimkuta ananawa mikono kwa chai baridi. Akamtazama kwa swali. Kissa akaitikia kwa kichwa kwamba tayari. Thadeo akashusha pumzi, akamgeukia tajiri wake akamwambia, safari njema, laoban.

"Bado," Kissa akasema. "Breki mpya haziendi safari kabla hazijajaribiwa. Na kwetu fundi mgeni akifunga breki, wa kwanza kuzikanyaga ni yule aliyemdhamini. Thadeo ndiye aliyenileta kwako. Aendeshe yeye, ashuke nalo mpaka getini."

Erastus akaipenda desturi hiyo papo hapo, ingawa hakuwahi kuisikia. Nami nawaambia ukweli, haipo. Kissa aliitunga akiwa anakaza nati.

Thadeo akasema hana leseni ya huku. Erastus akamjibu kwamba paa ni la jengo, si barabara ya serikali. Thadeo akasema tumbo linamsumbua. Erastus akasema ni ghorofa sita tu, na yeye mwenyewe atakaa nyuma asikilize breki zake zinavyoshika. Thadeo akasema basi aendeshe fundi, fundi ndiye anayejua.

Utani wa Erastus ukaisha. "Mbona unaliogopa gari nitakalompakia mke wangu?"

Hapo Thadeo hakuwa na pa kutokea. Ukimtazama ungeona anapiga hesabu. Pedi feki haziachii kwenye mkanyago wa kwanza, huachia zikipata moto, kwenye mteremko mrefu, na ile njia ya kuzunguka kushuka jengo ni fupi. Polepole, gia ya kwanza, atafika. Akafuta mikono kwenye suruali akaingia nyuma ya usukani.

Kissa akakaa pembeni yake, akafunga mkanda, akaweka mkono wa kushoto juu ya hendibreki. Erastus akaingia nyuma na gazeti lake la pedi kuukuu mapajani.

Gari likateleza mita ishirini za paa, likainamisha pua, likaingia kwenye mteremko. Mbele palikuwa na kona ya kwanza na ukuta mtupu wa zege. Thadeo akakanyaga klachi, akakanyaga breki.

Pedali ikazama mpaka sakafuni.

"Hazishiki," akasema.

"Zipi?" Kissa akauliza.

"Kissa, hazishiki. Vuta hendibreki."

"Zile ulizonipa Alhamisi, au zile ulizomtumia kaka yako?"

Ukuta ulikuwa unasogea. Thadeo akashika hendibreki mwenyewe, akaukuta mkono wa Kissa umeshatangulia, na mkono wa fundi wa magari si wa kubandua kirahisi. Kutoka nyuma Erastus aliuliza kwa kelele kuna nini.

"Sema, Thadeo."

"Nilizibadilisha mimi. Nilitaka kiti tu, sikujua zitaachia. Nilizibadilisha mimi, vuta."

Kissa akavuta.

Matairi ya nyuma yakalia, injini ikazimika, gari likasimama. Kati ya taa za mbele na ukuta ungeweza kupitisha kiganja, si zaidi. Thadeo alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili na jasho linamdondoka kwenye kidevu.

"Kanyaga tena," Kissa akamwambia. "Tena. Tena. Moja ya mwisho."

Pedali ikapanda, ikawa ngumu. Akatoa hendibreki, gari halikusogea hata unywele.

"Breki zako hizo, laoban. Ni orijino, ulizonunua mwenyewe, ziko kulia na kushoto." Akafungua ovaroli akatoa boksi, akaliweka juu ya mapaja ya Thadeo. "Na hizi ni zake. Alinipa nikufungie uende nazo Conghua. Mimi si ndugu yake wa ukoo. Mimi ni mjane wa huyo kaka mliyemchangia."

Erastus akalifungua gazeti, akazitazama pedi zile zenye K kama mtu anayeonyeshwa mfupa. Kisha akazipitisha mbele, akamkabidhi Kissa kwa mikono miwili.

"Nimetembelea mali ya marehemu miaka miwili," akasema. "Nisamehe, mama." Halafu akamgeukia Thadeo. "Shuka kwenye gari langu. Na ufunguo wa stoo uache hapo hapo kwenye kiti."

Kissa alifurahi, tusimsingizie utakatifu. Alifurahi kumwona Thadeo ameloa, alifurahi kuona mikono ikipapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Miaka miwili aliisubiri sura ile, ila alidhani itakuwa ya mtu mwingine. Akamwambia kwamba aliyoyataja leo atayataja tena Iringa, mbele ya mama yao mzazi na mbele ya polisi, na kama hatapanda ndege kwa hiari atapanda kwa lazima.

Thadeo alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja nje. Akasimama. Akaanza kucheka, kicheko kidogo kibaya, kisha akamtazama Kissa machoni.

"Wewe unanihukumu kwa boksi moja," akasema. "Aliyezifunga ni nani? Ulizigeuza? Fundi mzima, uliangalia rangi kwenye boksi ukatosheka. Hukumwambia mtu, lakini mimi nilijua tangu siku ya msiba, maana ungezigeuza usingezifunga."

Ilikuwa kweli tupu.

"Na mzigo wako wa ndege, shemeji. Aliyekufungia ni nani?"

Wiki tatu nyuma, msomaji, Kissa alinunua Yongfu katoni moja ya pedi za kalipa za mbio, ya gereji yake. Alizigeuza zote safari hii, akachora K kwenye kila moja, akazipaka zambarau. Katoni ikalala siku mbili kwa Thadeo kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Siku zile zile chupa yake ya rangi ya kucha ilipotea. Alidhani ameisahau sokoni, akanunua nyingine akasahau.

"Feki zote nimezipaka," Thadeo akasema. "Chupa iliisha kwenye ya mwisho. Gari la pili likianguka kwa gereji ile ile, nani atauliza habari za Guangzhou? Watasema Kissa ndiye anayeua watu, tangu la kwanza."

Erastus alishamkamata ukosi. Kissa hakungoja. Alikuwa na simu sikioni, anampigia Bartholomeo, fundi aliyemwachia gereji. Guangzhou ilikuwa saa tisa alasiri, Iringa ni saa nne asubuhi, gereji iko wazi.

Bartholomeo alipokea kwa furaha. Alisema mzigo aliutoa jana, zambarau ipo kwenye boksi na kwenye pedi, kila kitu sawa, mama fundi asiwe na wasiwasi.

"Chukua pedi moja. Kwangua rangi kwa ukucha. Niambie chini kuna nini."

Ilisikika nyundo ya mtu mwingine kwa mbali, na redio.

"Hamna kitu, mama fundi. Bati tupu."

Kissa akauliza kama ameshafunga gari lolote. Sauti ya Bartholomeo ikashuka. Alisema moja tu, la Derick, aliyekuwa msoma ramani wa Samwel na sasa anaendesha mwenyewe. Jumamosi ijayo ndiyo mashindano ya kumkumbuka Samwel. Derick alisema lazima azijaribu breki mahali penyewe, kwa heshima ya kaka. Ametoka Ipogolo saa moja iliyopita.

"Anaelekea wapi?" Kissa akauliza, ingawa alijua.

Akakata simu ya Bartholomeo akapiga ya Derick. Ikaita mara tatu, mara nne. Kwenye kioo cha gari aliuona uso wake mwenyewe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi juu ya hendibreki, umeibana, japokuwa gari limesimama.

Derick akapokea. Upepo ulikuwa mwingi, na nyuma ya upepo injini inanguruma.

"Mama fundi," akasema kwa sauti ya mtu mwenye raha, "umenipata pazuri. Nimeshaanza kushuka Kitonga."